Mzee wa Kanisa Alipofika Nikki

Mtaani kwetu Moshono hakuna anayemwita kwa jina. Hata mkewe akimtafuta huuliza, "Mmemwona Mzee wa Kanisa?" kana kwamba anaulizia ofisi. Mimi nilihama Kaloleni, kwenye vyumba vya kupanga, nikanunua kiwanja kando ya shamba lake la migomba na kahawa, na tangu hapo tumekuwa majirani wa ukuta mmoja. Ukuta ni wangu, maana yeye haamini kuta. Ulipofika kiunoni alikuja kuutazama, akaugonga kwa fimbo, akaniuliza, "Baba Zuhura, unamwogopa nani?" Nikamwambia wezi. Akasema, "Wezi wataruka. Utakayemzuia ni mimi nikikuletea maziwa." Basi nikaacha pengo. Pengo hilo lipo mpaka leo, na mke wangu amelifanya mlango wa pili wa jikoni.

Habari za kuzaliwa kwake na za ukoo wake sitaziandika. Wapo Waarusha wenzake watakaozieleza vizuri. Mimi ni mtoto wa Kaloleni, Mwislamu, babu yangu alifika bara na biashara ya nguo, na Kimaasai changu kinaishia kwenye salamu. Ninachokijua ni jirani yangu: mrefu, mkavu, masikio yametobolewa kizamani, koti moja la kahawia la Jumapili na lingine la kahawia la siku nyingine. Mtu asiyemfahamu akimtazama usoni hudhani amekasirika. Anayemfahamu hudhani hivyo hivyo.

Maneno yake ni machache, na analolipenda kuliko yote ni "Tutaona." Mvua itanyesha? Tutaona. Kwaya imejiandaa? Tutaona. Siku moja mchungaji alimuuliza mbele ya watu kama anaamini ufufuo wa wafu, kwa utani tu, akajibu, "Hilo naamini. Mengine tutaona." Kanisani kazi yake ni kusimama mlangoni na kunyamazisha watoto kwa jicho. Nimesimuliwa kwamba hata wanakwaya wakubwa, wake za watu, huficha simu zao akipita.

Lakini mtu huyo huyo mgumu wa maneno utamkuta zizini anamsimulia ng'ombe habari za mtaa mzima. Umbea hapendi, amekemea umbea kila mahali, na hakuna jambo la Moshono asilolijua. Nilimuuliza siku moja anazipata wapi. "Mimi siulizi," akasema. "Watu wananiambia ili niache kuwatazama."

Madalali wa viwanja walimsumbua sana, maana shamba lake sasa limezungukwa na nyumba za kupangisha pande zote. Hakuwahi kuwafukuza. Aliwakaribisha, akawaonyesha rundo la samadi, akasema, "Nisaidieni kwanza kuipeleka kwenye migomba, halafu tuzungumze." Wengi waliaga wakakumbuka shughuli mjini. Mmoja alivua koti akabeba kweli mpaka jua likapanda, na yule Mzee alimlisha loshoro, mahindi na maziwa mgando, akamwagiza mwishoni, "Wewe ni mtu mzuri. Acha udalali." Shamba hakuuza.

Kwa dini zetu hatukuwahi kugombana. Idd hutuletea mkungu wa ndizi, Krismasi sisi tunawapelekea pilau, naye huila yote huku akilalamika kwamba viungo ni vingi. Mbuzi wangu wa Idd akilia usiku kucha, asubuhi hupitisha kichwa kwenye pengo na kuniambia, "Kwa nini mnamngojesha? Ameshajua."

Sasa niseme habari ya mate, kwa kuwa bila hiyo hakuna atakayemwelewa mtu huyu. Kwa Waarusha, mate ya mzee ni baraka. Mtoto akienda kufanya mtihani, bibi harusi akitoka, kijana akipata pikipiki, mzee humwita, humwombea, na humpulizia mate kidogo ya kunyunyiza, kichwani au mikononi. Mzee wa Kanisa alibariki namna hiyo bila kuchoka. Nilipopata gari langu la kwanza la kubebea watalii nililiosha nikalipangusa mpaka likang'aa, naye akaja, akalizunguka, akanena maneno kwa Kimaasai, na ghafla boneti lote likalowa. Nilikasirika, nikaingia ndani. Mke wangu akaniambia, "Mwanaume mzima unanuna kwa dua?" Nikatoka nikasema asante. Kuanzia siku ile nilizoea, na nikisafiri bila kupita kwake naona kama nimesahau kitambulisho.

Watoto wake walikuwa wengi na wote aliwapenda kwa kuwakemea, isipokuwa kitinda mimba, Neema, ambaye alimpenda waziwazi. Alimfundisha kukamua akiwa hajafikia hata shingo ya ng'ombe. Alipopata kazi ya misitu kule Olmotonyi, baba yake alikwenda stendi kumpokea kila jioni, mtu asiyependa stendi, na walirudi wakitembea bila kuzungumza, wote wawili wana furaha. Huko kazini Neema alifahamiana na kijana aliyetoka Benin, Afrika Magharibi, aliyeletwa kwa mafunzo ya miti. Aliitwa Sabi. Ni jina la mtoto wa pili wa kiume kwa watu wa kabila lake, Wabariba, na kwao ni mji unaoitwa Nikki, mji wa wafalme na farasi. Kijana mpole, Mkristo, anayekula kila anachopewa. Alirudi kwao. Mwaka uliofuata Neema naye akapata kazi ya mkataba huko huko, na sote tukajua kinachokuja isipokuwa baba yake, ambaye alijua kabla yetu akakataa kujua.

Wazee wa Sabi walipopiga simu kuomba waje kuposa, kama desturi ilivyo, Mzee wa Kanisa alisema, "Wasije. Nitakwenda mimi." Ndugu zake wakashtuka. Tangu lini upande wa mwanamke ukafunga safari? Mchungaji akaja kumshauri, akarudi kimya. Mkewe akamsema mchana kutwa. Jibu lake lilikuwa moja: "Mtu hanunui ng'ombe kwa kusikia mlio."

"Kwani unanunua au unatoa?" mkewe akamuuliza.

"Ndiyo maana lazima niangalie zaidi."

Neema naye alikuwa ameapa kwamba bila baraka ya baba yake haolewi. Basi mambo yote yakamwangukia mzee mmoja: akiridhika na Nikki, atabariki; asiporidhika, atarudi na binti yake Moshono, na kijana wa watu atabaki na farasi wao. Alitamka hivyo mbele yetu sote. Na kwa kuwa mimi ndiye jirani anayejua Kifaransa, kwa ajili ya watalii wangu, nikateuliwa kuwa ulimi wake. Sikuulizwa.

Mtu huyu alikuwa hajalala nje ya mkoa ila mara moja, Singida, na hakuipenda. Ndege haikumtisha hata kidogo. Kilichomtisha ni sindano ya homa ya manjano, ambayo alidungwa akiwa amefumba macho na kunishika mkono kama mtoto. Angani alikaa wima na koti lake, mkanda umefungwa, mpaka Cotonou. Neema na Sabi walitupokea, na kesho yake tukaanza safari ndefu ya gari kwenda kaskazini. Yeye dirishani, haongei. Nilijua anachofanya. Alikuwa anatafuta kasoro.

Aliitafuta kwa utaratibu, kama anavyomkagua ng'ombe mnadani, kuanzia kwato. Tulipofika Nikki, kabla hajala, aliuliza maji wanachota wapi. Akaonyeshwa kisima, akayaonja. Akauliza wanazika wapi. Akawatazama ng'ombe wa Wafulani, weupe wenye pembe ndefu, akawapapasa mgongoni, akakubali kwa shida kwamba wametunzwa. Akamsikiliza Sabi anavyozungumza na mama yake, ingawa lugha haijui, na akaniambia, "Sauti anaishusha." Hilo lilikuwa jema, lakini alilisema kama mtu aliyepewa habari mbaya. Alipewa viazi vikuu vilivyotwangwa mpaka vikawa laini, na mchuzi. Akamaliza, akaongezwa, akamaliza.

Kasoro aliipata jioni, tumekaa nje ya nyumba tuliyopangiwa. Alikuwa anazungusha shingo huku na huku, vumbi jekundu, miti, anga. "Hakuna mlima," akasema.

Nikasema ndiyo, nchi ni tambarare.

"Mtoto wangu akipotea hapa ataangalia nini?"

Mtu aliyekulia chini ya Meru anaelewa swali hilo. Sisi tukitoka stendi yoyote tunainua macho kwanza, tukiuona mlima tunajua nyumbani ni upande gani. Nilipogeuka, Neema alikuwa mlangoni na amesikia.

Walikuwa wametuita wakati wa Gaani, sikukuu yao kubwa, ambayo huwa karibu na Maulidi, na watu wa ukoo wa kifalme hurudi kutoka kila pembe. Nimewatembeza watalii kwenye mambo mengi lakini lile sijaliona mfano wake. Ngoma za kifalme, tarumbeta ndefu kuliko mtu, na farasi waliovikwa nguo za rangi mpaka magotini, wapanda farasi wamevaa majoho yanayopepea. Mfalme tulimwona kwa mbali, juu ya farasi, katikati ya vumbi na watu. Wengine walikuwa wameinama mpaka chini. Mzee wa Kanisa alivua kofia yake, akasimama hivyo na jua lote lile.

"Hawa wana heshima," akaniambia. Halafu akarudia kwa sauti ya chini, "Wana heshima, Baba Zuhura. Nitasema nini sasa?"

Siku za sikukuu hiyo, wana wa ukoo wa kifalme hunyolewa kichwa na binti mkuu wa kifalme, na wakishanyolewa hupewa jina jipya. Sabi alikuwa mmoja wao safari hii. Ukoo huo una wana wengi kama sisi tulivyo na wenyeviti wa vitongoji, lakini kila mmoja siku yake ni siku yake. Alitoka huko kichwa kinang'aa, na shangazi zake wakamtazama kama yai.

Ndipo tukaitwa kwa familia. Ulikuwa uwanja uliofagiwa, mikeka imetandikwa, wazee upande huu, akina mama upande ule, na katikati, kwenye kiti cha chini, shangazi mkubwa wa Sabi, mwanamke mzee sana ambaye bila yeye halipitishwi neno katika nyumba ile. Tulivua viatu. Soksi ya Mzee wa Kanisa ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Mkewe alimwekea mpya, naye alikuwa anazitunza. Tulichuchumaa kusalimu. Nilimwogopea magoti, lakini alishuka vizuri, maana mtaka cha uvunguni sharti ainame, na akabaki chini mpaka alipoambiwa ainuke.

Mjomba wa Sabi alitafsiri Kibariba kwa Kifaransa, mimi Kifaransa kwa Kiswahili. Shangazi akauliza, mgeni ameona nini?

Sijawahi kumsikia Mzee wa Kanisa akisema maneno mengi namna ile. "Mama," akasema, "nilikuja kutafuta ubaya. Nimetafuta kwenye maji, kwenye ng'ombe, kwenye makaburi, kwenye midomo ya vijana. Nimekuta hakuna mlima tu. Na mlima hamwezi kuutengeneza, kwa hiyo sitawadai. Mtoto wangu amempenda mtoto wenu. Mleteni hapa."

Sabi akaja, akapiga magoti. Neema akapiga magoti kando yake. Nilidhani yamekwisha, nikaanza kuwazia chakula. Yule mzee akaweka mkono juu ya kichwa kile kilichonyolewa, akaomba kwa Kimaasai, akavuta pumzi, na kabla sijafungua mdomo, kichwa kipya cha mwana wa mfalme kikalowa mate.

Uwanja mzima ukafa ganzi. Kijana mmoja akasimama. Mwingine akasema neno ambalo halikuhitaji mkalimani. Wazee wakatazamana, na mjomba akanigeukia, uso umebadilika, akaniuliza kwa Kifaransa, taratibu, "Kwa nini amemtemea mate mtoto wetu?"

Sisi tulijua, kule Moshono kila mtu anajua, hata madalali wanajua, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kuwaambia. Nikaeleza. Nikasema kwao ni dua, ni heshima, hata mimi gari langu lilipata. Kifaransa changu cha twiga na tembo kilikwama mara mbili. Mjomba akatafsiri. Shangazi hakucheka wala hakununa. Alimtazama Mzee wa Kanisa, naye akamtazama, wazee wawili wenye nyuso ngumu. Neema alikuwa bado magotini, mikono imekaza kitenge, machozi yanatiririka.

Kisha shangazi akauliza swali moja. Likapita kwa mjomba, likapita kwangu: "Huko kwenu, mate haya mnamtemea mtoto au mnamtemea adui?"

Mzee wa Kanisa akaona kama ameulizwa upuuzi. "Adui?" akasema. "Adui nimpotezee mate yangu ya nini?"

Nikatafsiri kama lilivyo, kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kulipamba. Mjomba akatafsiri. Mabega ya yule bibi yakaanza kutikisika. Alicheka bila meno, kicheko kirefu, mpaka akashika kiti. Akasema kitu, na mjomba akanitafsiria huku naye akicheka: dua hutoka na pumzi, na pumzi ya mzee ina maji, mnashangaa nini? Akafungua kilemba chake, akainamisha kichwa chenye mvi mbele ya mgeni, akangoja.

Mzee wa Kanisa akambariki. Baada yake akaja mama wa Sabi. Baada yake wajomba, na yule kijana aliyesimama kwa hasira, na wengine nisiowajua, mstari ukafika hadi mlangoni. Akawahudumia kwa makini, kila mmoja na maneno yake, bila kulipua. Mwisho akanigeukia akaninong'oneza, "Baba Zuhura, niombee maji. Mate yamekwisha." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikumbuki kama nimewahi kufurahi hivyo tangu Zuhura alipozaliwa salama.

Ndoa ilifungwa. Tulirudi, na mtaa mzima ulitaka kusikia, nami nikasimulia, na kila nilipofika kwenye mate watu walimtazama Mzee wa Kanisa, naye akasema tu, "Walikuwa wengi." Zaidi ya hapo hakuongeza, kwa muda mrefu.

Juzi, mvua zilipokatika, nilipita kwenye pengo nikamkuta kwenye mgomba anakata majani ya ng'ombe. Siku hizi anakata kidogo, anapumzika. Nikamwambia shikamoo, akaniitikia, akanionyesha gogo nikae. Tulizungumza habari za Neema. Ana mtoto sasa, na anafundisha watu kupanda miti. Nikamwambia, "Mzee, siku ile nilidhani tumekwisha. Nilidhani watatufukuza."

"Mimi pia."

"Uliogopa?"

Aliendelea kukata. "Nilifurahi," akasema.

Sikuelewa, akaona sijaelewa, akaweka panga chini.

"Sikukusudia. Mate yalikuwa ya kweli. Mdomo ulishakubali, lakini moyo ulikuwa bado uko njiani. Walipokasirika nikasema moyoni, basi, Mungu amenisaidia. Watatufukuza, na mtoto wangu nitarudi naye, na hakuna atakayesema mimi ndiye niliyekataa. Nilifurahi, Baba Zuhura. Kanisa zima halijui."

Mtu kama huyu akifungua mdomo hivyo, unamwachia nafasi.

"Halafu nikamtazama Neema. Analia, lakini hanitazami mimi. Anamtazama yule bibi. Mtoto akiumia humtazama wa nyumbani kwake. Nikaona kumbe alihama zamani, mimi ndiye nimebaki stendi namngoja. Nikaogopa kweli sasa. Nikaomba, wasimkatae, Bwana, wasimkatae, maana nikirudi naye hivi nitakuwa nimerudi na kanga zake tu."

Akafuta uso kwa mkono wenye utomvu wa mgomba.

"Yule mama alipocheka," akasema, "watu walidhani Sabi ndiye amepona. Ni mimi."